Siku Fisi Alipompa Mtoto Jina

Hapo kale, wanangu, kale ile ambayo hata babu yangu aliikuta imeshapita, wanyama walikuwa na nyumba na mashamba kama sisi. Bi Mwatabu, nguchiro mjane mwenye watoto wanne, alikuwa na shamba la karanga nyuma ya nyumba yake, pembeni mwa mbuga.

Asubuhi moja alikwenda kupalilia, akasikia kitu kinakoroma: kroo, kroo. Kufunua majani, mtoto wa simba huyo, macho ndiyo kwanza yanafunguka, kalala chali juu ya karanga za watu.

Bi Mwatabu aliingiwa na hofu kweli kweli. Mtoto yule akiliwa ndani ya shamba lake, Mama Simba atamuuliza nani? Siku hiyohiyo yeye na wanawe wangebaki jina. Akapanda kichuguu akamwita Mama Simba, akaita tena. Lakini sauti ya nguchiro mnaijua. Hata panzi waliokuwa karibu hawakugeuka. Basi akambeba mtoto mgongoni, mzigo mkubwa kuliko mbebaji, akafika nyumbani anatweta.

Hajakaa vizuri, mlango ukagongwa: ngo, ngo, ngo. Alikuwa Bwana Lukumbi, Fisi, kafuata harufu. Akasema amesikia kuna mgeni, naye amekuja kumsaidia jirani yake, maana mtoto wa simba ni mzigo kwa mjane. Akikataliwa, akasema, basi atawasaidia na wale wanne.

Bi Mwatabu akamfungulia mlango, ulimi haukutetemeka.

"Afadhali umekuja, kaka. Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Mimi?" Fisi hakuzoea kutafutwa.

Bi Mwatabu akamkumbusha mila. Katika nchi ile, mtoto mgeni akiingia nyumbani, mwanamume wa kwanza kupiga hodi ndiye humpa jina. Humbeba mikononi, husimama juu ya kichuguu, hulitangaza jina mara tatu. Kisha hukalishwa mkekani, akaletewa kuku mzima, ale peke yake.

Sasa Fisi, tangu azaliwe, hajawahi kuombwa amshike mtoto wa mtu. Akipita tu, kina mama huwaita wanao ndani. Jamani, machozi yalimlengalenga. Lakini tumbo halikulia naye, lilikuwa linapanga: kuku kwanza, mtoto baadaye.

"Nitampa jina langu," akasema. "Lukumbi Mdogo."

"Jina zuri. Ila usilinong'one, kaka. Jina lililonong'onwa halimkai mtoto."

Fisi akapanda kichuguuni, kifua mbele, mtoto mikononi.

"Lukumbi Mdooogo!"

Ndege wakaruka mitini. Mara ya pili sauti ikafika mtoni. Bi Mwatabu akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema watu wa ng'ambo hawajasikia. Hapo Fisi akafumba macho, akaita kwa roho yake yote, hata mtoto akazinduka akalia.

Mama Simba alikuwa anazunguka mbugani tangu alfajiri, hajui mwanawe yuko wapi. Mama aliyepotelewa, akisikia Fisi anatangaza mtoto, atangoja nini? Nyasi zikalala, shwaa! Fisi alipofumbua macho, akamkuta kasimama mbele yake.

"Nani kakupa ruhusa ya kumpa mwanangu jina?"

Fisi alitaka kueleza mila, alitaka kueleza ujirani, lakini maneno yote yalimkimbia kabla yeye hajakimbia. Akamweka mtoto chini polepole kama yai. Kofi likatua, pwaa! Akabingirika kichuguu kizima, akaishia upande wa pili, na huko hakusubiri kuulizwa la pili.

Mama Simba akamlamba mwanawe toka utosini hadi mkiani. Kisha akamgeukia Bi Mwatabu, aliyekuwa kasimama mlangoni na wanawe wanne nyuma yake, akamuuliza kwa upole ni nani aliyemwita, amshukuru.

"Aliyekuita ni Fisi, dada," akajibu Bi Mwatabu. "Mimi nilimwonyesha tu pa kusimama."

Nanyi shikeni hili, wanangu: asiye na nguvu huazima, na mwenye tamaa huazimwa bila kujua.