Mcheka Kapu Mngoje Chunguni

Sanduku la Nietiwe lilikuwa wazi katikati ya sebule, na juu ya masweta mapya mama yake alikuwa ameweka kapu la ukili. Binamu zake walipoliona wakaangua kicheko. Elinipa, mkubwa wao, alilivaa kichwani kama kofia, akazunguka nalo akisema, "Karibuni, nyanya za Ulaya hizi!" Nietiwe, ambaye keshokutwa yake angesafiri kwenda kusoma ng'ambo, alimnyang'anya, akashika njia ya kulirudisha jikoni.

"Mcheka kapu mngoje chunguni," akasema babu yao, Mzee Mshana, aliyekuwa akihangaika na redio yake.

"Babu, hiyo umeitunga sasa hivi," Elinipa akamwambia.

"Sina akili hizo. Aliyeitunga alikuwa na njaa, na mimi nimeshiba. Kaeni chini. Methali hii ina mwanzo wake, nao ni huu."

Zamani kidogo, wakati barua ilikuwa inachukua wiki tatu kufika nyumbani, kulikuwa na binti wa Kipare aliyeitwa Nakijwa. Alipata nafasi ya kusomea maji, yaani visima na mabomba, katika mji wa Kassel huko Ujerumani. Ada alilipiwa, na posho alipewa, lakini ilikuwa posho ya kulisha ndege wa mtini, si mtu. Ukishatoa kodi ya chumba na nauli, kilichobaki kilikuwa cha kununulia mkate na kuutazama.

Nyumbani Nakijwa alimwacha mama yake na wadogo zake wanne na ng'ombe mmoja wa maziwa. Siku ya kuagana mama alimwambia, "Mwanangu, ukishindwa huko, niandikie neno moja tu. Nitamuuza ng'ombe." Nakijwa aliitikia, lakini moyoni aliapa kwamba neno hilo hataliandika. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa daftari za wadogo zake, na sabuni yao, na uji wao. Kumuuza kulikuwa ni kuwala wadogo zake mmoja mmoja.

Basi aliingia katika duka kubwa la mji ule mara moja tu. Aliona nyanya zimefungwa nne nne kwenye karatasi ya nailoni, huruhusiwi kuzibonyeza wala kuomba nyongeza. Akajiuliza moyoni, mtu ananunuaje nyanya asiyoishika? Akatoka. Jumamosi akachukua kapu la ukili alilosukiwa na mama yake, akaenda kwenye gulio la wakulima nyuma ya kanisa.

Huko ndiko alikoona jambo lililomshangaza. Wajerumani wakinunua figili au bitiruti, muuzaji huwauliza, "Nikukatie majani?" Nao husema ndiyo. Muuzaji huyanyonga yale majani mabichi, mororo, yenye umande, na kuyatupa kwenye kreti chini ya meza. Majani ya bitiruti! Majani ya koliflawa! Mboga ya kulisha nyumba nzima inatupwa chini ya meza. Nakijwa alisimama akayatazama hadi machozi yakamlengalenga, na msidhani ni ya huzuni. Alikuwa na hasira.

Muuzaji alikuwa mama mnene, mikono imechubuka kwa baridi, jina lake Mama Wiegand. Nakijwa akamwonyesha kreti, akaomba kwa Kijerumani chake cha kuokoteza.

"Ah, ya sungura," mama yule akasema. "Unao wangapi?"

Nyuma yake palikuwa na foleni ya watu wenye makoti mazuri. Nakijwa akaona aibu. Akainua vidole vitatu.

Uongo nao ni kama mtoto, ukishazaliwa unataka kula. Kila Jumamosi Mama Wiegand alimuuliza habari za sungura, naye akajibu hawajambo. Majani yalipopungua kapuni, Nakijwa akasema wamezaa. Mama Wiegand akafurahi mno, akamjazia kapu hadi mishikio. Majani yale yaliungwa kwa karanga, yakaliwa na ugali wa unga aliouuziwa na Mwitaliano mmoja, na Nakijwa akashika masomo yake kwelikweli. Ila kila alipomwitikia yule mama kuhusu wale sungura, tumbo lake lilishiba na uso ukamuwaka. Alitamani kusema ukweli na hakujua aanzie wapi.

Watanzania katika mji ule walikuwa sita, na walikuwa na umoja wao, na umoja ulikuwa na katibu. Sasa huyo katibu! Alitoka milima ileile aliyotoka Nakijwa, kijiji cha pili tu. Alikuwa na koti refu, na maringo marefu kuliko koti. Yeye alinunua kwenye duka kubwa peke yake, apate ule mfuko wenye jina la duka, autembeze mjini. Alikula soseji wiki mbili za kwanza za mwezi kama mtoto wa waziri, na wiki mbili za mwisho akanywa chai na kuwaambia watu kwamba anapunguza mwili.

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, Katibu alikatiza gulioni, akamkuta Nakijwa ameinama kwenye kreti, Mama Wiegand akimuuliza habari za sungura wake. Akasimama. Akacheka kicheko cha kuwaita watu.

"Dada Nakijwa! Ubahili wetu Wapare nyumbani wanautania, sasa wewe umeamua kuuleta mpaka Ulaya? Unaokota majani chini ya meza na hilo kapu la bibi yako! Wazungu watasemaje juu yetu?"

"Wanasema habari za asubuhi, kaka. Na wewe ungeanza na hiyo."

Katibu akaona ameguswa. Akamgeukia Mama Wiegand, na Kijerumani chake kilikuwa kizuri, ndilo tatizo. "Mama, huyu anakudanganya. Hana sungura hata mmoja. Anayala yeye."

Mama Wiegand akauacha mkono wake hewani, na fungu la majani ndani yake. Nakijwa angeweza kukana. Angeweza kuliacha kapu pale na asirudi tena, akaenda zake kuandika lile neno moja kwa mama yake. Lakini alimkumbuka yule ng'ombe, akayakumbuka majani mazuri kama yale yakitupwa kila Jumamosi, na ile hasira ya siku ya kwanza ikamrudia. Akanyoosha mgongo.

"Ni kweli, mama," akasema, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. "Sungura ni mimi. Na wale waliozaliwa pia ni mimi. Nimekosa kukudanganya, na kwa hilo naomba radhi. Kwa kula majani siombi radhi kwa mtu. Kwetu ni chakula, na anayeyatupa ndiye wa kuonewa huruma."

Mama Wiegand alilichukua kapu, akalipindua, majani yote yakarudi kwenye kreti. Katibu akatabasamu. Kisha yule mama akaanza kuchagua upya juu ya meza, jani moja moja, akiyaweka kando yaliyotoboka na yenye manjano.

"Haya nilikuwa nawapa sungura," akasema. "Ya mtu huchaguliwa. Baada ya vita mimi na mama yangu tulikula majani yanayowasha, ya kando ya reli, tukashukuru. Mbona hukuniambia? Na unayapikaje?"

Watu kwenye foleni wakasogea wasikie mapishi. Katibu akabaki na tabasamu lisilo na pa kukaa. Akapandisha kola ya koti.

"Sawa," akasema kwa Kiswahili. "Leo hii namwandikia mama yako. Ajue mwanawe anakula chakula cha wanyama."

Hapo Nakijwa aliingiwa na baridi ya kweli. Barua ile ikifika, mama hatauliza lolote. Atamfungua ng'ombe zizini asubuhi hiyohiyo, ampeleke mnadani. Lakini hakumpa Katibu nafasi ya kuiona hofu yake.

"Andika, Katibu. Andika kila kitu. Ila kabla hujaitia posta, kesho njoo kwangu na wenzetu wote. Kapu langu umelicheka hapa; nitakungoja kwenye chungu."

Jumapili ile ukumbi wa bweni ulinukia karanga kuanzia ghorofa ya chini. Wanafunzi wenzao wanne walifika mapema kuliko walivyoalikwa. Mama Wiegand alikuja na siagi na kiti chake mwenyewe. Katibu alifika mwisho. Alikuwa na barua mfukoni, imefungwa na kubandikwa stempu, naye alikusudia kusimama mlangoni tu, aone aibu ile kwa macho yake, aende zake. Lakini zilikuwa siku nne tangu amalize mkate wake.

Nakijwa alimletea maji. "Nawa, kaka."

Akanawa. Tonge la kwanza alilila akitazama dirishani. La pili alilitazama lenyewe. Sahani ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, na ya tatu hakungoja kuongezwa, aliufuata mwiko mwenyewe. Chumbani hakuna aliyecheka. Nakijwa alikuwa amewakataza, na alipokataza jambo lilikatazika.

Chungu kilipobaki ukoko, Nakijwa akamnyooshea Katibu mkono. "Barua."

Katibu akaitoa.

"Sikukatazi kuituma. Ifungue tu, uongeze mstari mmoja. Mwandikie mama yangu kwamba umekula kwangu, na umeshiba."

Katibu akaifungua. Akaishika kalamu muda mrefu. Mtu atauwekaje mstari ule chini ya maneno aliyoyaandika jana? Akaichana, vipande vidogo vidogo, akaomba karatasi mpya. Juu yake akaandika mstari ule peke yake, na chini akatia jina lake kamili. Miezi miwili baadaye jibu la mama Nakijwa likaja: amefurahi kusikia mwanawe anakaribisha wageni, na ng'ombe amezaa mtamba.

Mzee Mshana akarudi kwenye redio yake.

"Na huyo Nakijwa?" Nietiwe akauliza.

"Maji unayooga kila asubuhi yanatoka kwenye mabomba aliyoyapima yeye."

"Na Katibu je? Mjinga yule," akasema Elinipa. "Bila shaka alikana yote baadaye."

"Hakukana," mzee akasema. "Amewasimulia wajukuu zake sasa hivi."

Elinipa akatazama chini. Nietiwe alilikung'uta kapu, akalikunja, akaliweka juu kabisa ya masweta, mahali ambapo mkaguzi wa uwanja wa ndege angeliona kabla ya kitu kingine chochote.

"Elinipa," akasema, "likizo utakuja kunitembelea. Mcheka kapu…"

"Mngoje chunguni," Elinipa akajibu, kwa adabu.