Kamba ya Kupimia Dume

Kama una ndugu anayefuga, au anayependa kukata shauri peke yake, msomee hii mpaka mwisho kabla hujampelekea mwingine. Asikatishe njiani akadhani ameshaelewa.

Huko Usukumani alikuwapo mfugaji aitwaye Nkwabi. Kabla ya ukame alikuwa na ng'ombe arobaini. Ukame ulipopita alibaki na maksai wawili wa kulimia na mitamba saba wa kienyeji, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuzaa. Basi. Mitamba hao wakizaa salama, boma lingesimama tena. Wakiharibika, Nkwabi amekwisha.

Ilibidi atafute dume. Siku hizo kila mtu alisema mbegu za nje ndizo zenye nyama, kwamba ukizichanganya na ng'ombe wetu unapata ndama anayekua haraka. Maneno hayo ni ya kweli, sikatai. Tatizo ni kwamba Nkwabi alisikia nusu yake, ile nusu tamu.

Akaenda kwa Mzee Masalu, mfugaji mkubwa wa ng'ambo ya mto, mkononi ana kamba, mbele anawaswaga maksai wake. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Anayechagua dume hulizungushia kamba kifuani, hufunga fundo pale ncha inapofika, kisha huirudisha kijijini wanaume wenzake waione. Kamba ikiwa ndefu, mwenyewe hutembea kifua mbele mwezi mzima.

Masalu alikuwa na madume mawili ya kutoa. Moja lilikuwa Borani, mbegu ya huku huku Afrika, la wastani. La pili lilikuwa Simentali, mbegu ya nje, lenye uso mweupe, kubwa kama ukuta.

"Mitamba wako wakoje?" Masalu aliuliza. "Wana maumbo gani?"

"Mtamba ni mtamba, mzee wangu. Wewe nionyeshe dume."

"Nakuuliza kwa sababu..."

"Nataka lile kubwa."

Masalu akawatazama wale maksai. Nkwabi akawatoa wote wawili kuwa malipo, akalipima dume kwa kamba, akaondoka na Simentali.

Nyumbani wanaume walikuwa wanamsubiri. Kamba ikapita mkono kwa mkono, wakapiga miluzi. Mkewe, Nyanzobe, alisimama mlangoni akiitazama. Yeye ndiye aliyekuwa akizalisha ng'ombe wa boma hilo tangu aolewe, kwa kuwa mkono wake ni mwembamba.

"Na mitamba umewapima, Baba Holo?"

"Mama Holo, mambo ya dume ni ya wanaume."

"Sawa. Lakini mkono unaoingia ni wangu. Wale ni wembamba nyongani, tena ndiyo mimba zao za kwanza. Ndama wa dume hili atapita wapi?"

Wanaume wakacheka. Nkwabi naye akacheka, kwa sauti kuliko wote, kwa sababu alikuwa ameona aibu. Akaitundika kamba ukutani, mahali ambapo kila mgeni angeiona.

Mimba zikaingia, matumbo yakajaa. Nkwabi akawa anawahesabu mitamba asubuhi na jioni, akijipangia boma la ng'ombe wakubwa weupe usoni.

Wa kwanza alishikwa na uchungu asubuhi. Mpaka jua la utosi, zilikuwa zimetoka kwato mbili tu, nene, na pua iliyovimba. Nyanzobe akapiga magoti, akaingiza mkono, akautoa.

"Leta kamba," alisema.

Kamba iliyokuwa karibu ni ile ya ukutani. Wakaifunga kwenye miguu ya ndama, wakavuta. Ndama akafa. Saa moja baadaye mama yake akamfuata.

Wa pili alikufa na ndama tumboni. Baada ya wa tatu Nkwabi alimwita bwana mifugo, akaja, akawakagua wanne waliobaki, kisha akavua glavu zake polepole.

"Naweza kujaribu kumpasua mmoja, lakini kwa hali waliyonayo siwezi kukuahidi kitu," alisema. "Dawa ya hili, mzee, ilikuwa miezi tisa iliyopita."

Alijaribu. Mtamba hakupona.

Walipokufa sita, Nkwabi alivuka mto kwa miguu kwenda kumlaumu Masalu. Alikuwa amebeba maneno makali kifuani. Lakini alipofika zizini kwake aliduwaa. Mitamba wa Masalu walikuwa wamesimama na ndama wao, wadogo, wekundu, wananyonya. Katikati yao lilikuwapo Borani, lile la wastani, ambalo Nkwabi hakulitupia hata jicho la pili.

"Wewe mwenyewe hukuwapa lile kubwa?" aliuliza.

"Mitamba wa uzazi wa kwanza? Nisingethubutu. Lile lilikuwa la ng'ombe wakubwa waliokwisha kuzaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Masalu aliinamisha kichwa. "Nilianza kukuambia. Ukanikata. Na mimi nikawataka maksai. Hilo nalo litanila maisha yangu yote."

Nkwabi akageuka, akavuka mto tena. Maneno yote makali yalikuwa yamekwisha.

Alirudi nyumbani alasiri. Mtamba wa saba alikuwa amelala chini, na Nyanzobe amekaa kando yake, mikono imechafuka mpaka mabegani. Pembeni alilala ndama dume mwenye uso mweupe. Alikuwa ndama mkubwa na mzuri kuliko wote waliowahi kuzaliwa katika boma hilo. Hakuwa anapumua. Mtamba alihema mara mbili tatu, akanyooka.

Nkwabi akakaa kwenye vumbi. Akalia wazi mbele ya mkewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya kumzika baba yake. Zizini likabaki dume peke yake, limenenepa, linacheua.

"Mama Holo," alisema hatimaye, "tufanye nini sasa?"

Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na sita, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza jambo la ng'ombe.

Nyanzobe aliifungua kamba kwenye miguu ya ndama, akaiweka mapajani mwa mumewe.

"Umeniuliza wakati hakuna ng'ombe, Baba Holo."

Funzo: Usichague kikubwa kwa ajili ya sifa zako, kwanza mwulize atakayekibeba, na umwulize mapema.