Unga Alioutwanga Nguchiro

Hadithi, hadithi! Itikieni: njoo!
Ije na uongo?
Ije nao, ukweli utafuata wenyewe!

Haya. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali, Ngiri ndiye aliyekuwa na ghala na jiko. Asiyefanya kazi kwa Ngiri alilala njaa. Mpishi wake alikuwa Nguchiro, mdogo wa umbo lakini hodari. Twi! twi! anatwanga mtama. Pa! pa! anaumba mikate. Na Ngiri? Kwapu! kwapu! anakula, na fungu la wenzake pia.

Nguchiro huyu alikuwa jike, na aliishi shimo moja na jike mwenziwe, jina lake Mashavu. Walipendana kama wapendanavyo mke na mume. Hawakumwibia mtu, hawakumtukana mtu. Lakini dunia haikosi wambea, na habari zikamfikia Ngiri.

Adhuhuri, wanyama wote wakiwa wanakula, Ngiri akasimama na mkate mdomoni.

"We Nguchiro! Nasikia unaishi na jike mwenzio. Toka kwangu! Tabia hiyo inaambukiza. Leo wewe, kesho jiko zima!"

Nje kulikuwa na vumbi tupu, na Mashavu alikuwa akingoja mkate wa jioni. Tena ilimuuma Nguchiro, maana miaka yote aliyompikia Ngiri hakuwahi kuunguza hata mkate mmoja. Lakini hakulia. Akainamisha kichwa.

"Umesema kweli, bwana wangu. Inaambukiza. Ikishika mkono, inashika mchi. Ikishika mchi, inashika unga. Ikishika unga, inashika mkate. Ikishika mkate..."

"Inashika nini?" akauliza Ngiri.

"Tumbo, bwana."

Wanyama wakaweka mikate chini. Ngiri akaacha kutafuna.

"Na unga wote ulioko ghalani nimeutwanga mimi," akasema Nguchiro kwa upole. "Niruhusu niubebe nikautupe mbali, wenzangu wapone. Ila wewe, bwana, uliyekula kuliko wote, sijui tukufanyeje."

Ngiri akatazama ghala. Akatazama mkate. Tumbo likalia: ngurrr!

"Haiambukizi!"

"Bwana?"

"Haiambukizi, nasema! Unga wangu usiguswe!"

"Kumbe haiambukizi," wakasema wanyama, wakaokota mikate yao.

"Basi kosa langu ni lipi, bwana?"

Ngiri akausukuma mkate wake kando. Wote walikuwa wakimtazama. Akasema, "Huu umepoa. Leta mwingine."

Nguchiro akarudi kwenye kinu. Twi! twi! Jioni akafika nyumbani, akamsimulia Mashavu yote.

"Amekuomba radhi?" Mashavu akauliza.

"Ameomba mkate," akajibu Nguchiro, wala hakucheka.

Hadithi imefika kwao, nami nishike njia ya kwangu. Iliyo tamu bakini nayo, iliyo chungu mpelekeeni Ngiri.

Na funzo ni hili, wanangu: kabla hujala mkate wa mtu, muulize kwanza anaishi na nani. Jibu lisipokupendeza, mwachie mkate wake, ulale njaa.