Wali Aliyeapa Juu ya Mkate

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba mji mmoja wa bara, mbali na bahari, ulifikia mwaka wa tatu bila mavuno. Mvua ilikosekana, nzige wakala ngano iliyoota, na njia ya misafara ikafungwa kwa vita vya watu wengine. Wali, yaani mtawala wa mji huo, aliitwa Hazim bin Dhuwaib. Hakuwa dhalimu, nalisema hili mapema msije mkamhukumu kabla ya wakati. Kosa lake ni kwamba siku aliyopewa uongozi alipanda mimbari akaapa mbele ya umma kuwa, maadamu yu hai, ratili ya mkate haitauzwa zaidi ya dirhamu moja. Nani alimtuma kuapa juu ya mvua na nzige? Lakini ndivyo walivyo viongozi, kiapo hakiwalemei mpaka siku ya kukitimiza.

Maji yalipozidi unga, waokaji walikuja kulia kwake: bei hiyo hatuiwezi tena, tutafunga matanuri. Wali akashika kichwa. Kupandisha bei ni kuvunja kiapo mbele ya watu wenye njaa, naye aliogopa fitina na ghasia. Ndipo mshauri wake akamnong'oneza, "Bwana wangu, bei usiiguse. Punguza jiwe."

Katika mji ule kila muuzaji alikuwa na jiwe lake la kupimia, na mawe yote yalilinganishwa na jiwe moja tu, jiwe la ratili, lililowekwa amana kwa mtu aliyeitwa Amini wa Mizani. Jiwe jipya halikutumika mpaka Amini alipeleke msikitini siku ya Ijumaa, aliinue mbele ya watu na kushuhudia kwa Mwenyezi Mungu kuwa ni ratili kamili. Bila ya ushahidi huo hakuna aliyelikubali. Amini wa wakati huo alikuwa Luayi bin Rafii, Mungu amrehemu, mtu mkimya, mwenye mke na watoto wawili, na njaa nyumbani mwake kama ilivyokuwa kwa jirani zake.

Wali akamwita, akamwekea mbele yake jiwe jipya, lililochongwa likapungua sehemu ya tano.

"Ewe Amini, Ijumaa utalishuhudia hili."

Luayi akalipima kwa kiganja. "Bwana wangu Wali, hii si ratili."

"Najua. Lakini watu wakisikia bei imepanda watachoma soko. Wakila pungufu bila kujua, watakaa kwa amani mpaka Mungu alete faraja. Nawahurumia."

"Matumbo yao yatajua, bwana wangu."

Wali akasema, "Ukishuhudia, nyumba yako itapata gunia la ngano kila mwezi. Ukikataa, kazi huna, na gerezani pana nafasi. Nenda ukafikiri."

Luayi akamweleza mkewe, Bi Rumaisa. Msidhani kwamba alimwambia, "Subiri, mume wangu, Pepo inakungoja." Wapi! Bi Rumaisa alikuwa akichemsha majani tena, na alisema lililokuwa moyoni mwake.

"Baba Juwairia, jiwe ni jiwe. Wanao wanalala na majani tumboni, nawe waniletea habari za jiwe?"

"Na watoto wa jirani?"

"Wa jirani wana baba yao."

"Baba yao hununua mkate kwa ushahidi wangu, Mama Juwairia."

Bi Rumaisa alilia, akakigeukia chungu chake. Mpaka Ijumaa hakusema na mumewe ila la lazima, na Luayi hakumlaumu. Alisali akasubiri.

Ijumaa msikiti ukajaa, Wali akiwa safu ya mbele. Luayi akasimama akaliinua jiwe. Aliogopa, wala simsifu kwa ushujaa ambao hakuwa nao.

"Nashuhudia kwa Mwenyezi Mungu," akasema, "kuwa hii si ratili. Imepungua sehemu ya tano. Ngano iko karibu kwisha, na Wali wetu ameona haya kutuambia."

Askari wakashika panga. Wali akaingoja ile fitina aliyoiogopa. Badala yake akasimama mwokaji mmoja mzee, akasema, "Jamaa zangu, mimi jiwe langu nimelichonga tangu mwezi uliopita. Nisameheni." Akainuka wa pili, na wa tatu. Kumbe wauzaji wa soko zima walikuwa wakiiba kimyakimya, kila mmoja akidhani yuko peke yake! Kisha mtu akauliza kutoka nyuma, "Ewe Wali, ngano iliyobaki ni ya siku ngapi?"

Wali akasimama, uso umemshuka. "Ya siku arubaini," akasema. "Na ghalani kwangu ipo ya siku ishirini, niliyojiwekea mimi na jamaa zangu."

Wakashauriana pale pale mpaka alasiri. Wali akalisha maskini kumi, kafara ya kuvunja kiapo chake. Bei ikapanda. Ghala lake likafunguliwa, mawe ya sokoni yakalinganishwa upya na jiwe la zamani, na kila nyumba ikapangiwa nusu ratili kwa siku, nyumba ya Wali vilevile. Luayi hakufungwa, wala gunia hakupewa. Mvua ilikuja mwaka uliofuata, na wapo ambao hawakuiona.

Inasemwa kwamba asubuhi moja katika siku zile ngumu Wali alisimama mwenyewe mbele ya tanuri, na nyuma yake alikuwa Bi Rumaisa. Mwokaji akampimia. Wali akautazama ule mkate kiganjani.

"Ni kidogo," akasema.

"Ni kidogo, bwana Wali," akasema Bi Rumaisa, "ila ni kidogo cha kweli. Haya sogea, nami nipimiwe changu."

Ndugu zangu, njaa huletwa na Mola kuwajaribu waja wake, na hapana mji uliosalimika nayo daima. Kuificha ni mtihani mwingine, na huo tunajitungia wenyewe. Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe viongozi wa kutuambia imebaki ya siku ngapi, atupe na sisi moyo wa kuyasikia hayo bila ya kuchoma soko.