Mioyo ya Watoto wa Sharubu

Hapo zamani, panya walipokuwa wakimnyang'anya mtu andazi mkononi mchana kweupe, palikuwa na mji uitwao Mtamani. Humo aliishi Mwinyikai, mshona kofia, na paka wake dume, Sharubu. Sharubu akiruka, panya kwisha. Akipiga miayo tu, panya wanahama!

Mji ukapagawa. Kila mwenye paka jike alimpeleka kwa Mwinyikai kapambwa asmini shingoni, mbele ngoma, nyuma vigelegele.

"Hodi! Tumeleta bibi harusi!"

"Karibuni, wakwe zangu!" Mwinyikai hujibu, kifua mbele.

Watoto wa Sharubu wakajaa mjini, wakakua. Ndipo msiba ulipoingia. Paka mmoja, kijana, mzima, alimrukia panya akaanguka chini maiti. Kisha mwingine, nyumba nyingine. Kisha mwingine tena.

"Umemtilia sumu paka wangu!"

"Nawe umemroga wangu!"

Watu waliokunywa kahawa pamoja wakawa hawaamkiani.

Liwali akatangaza: "Atakayekomesha vifo hivi nitampa Pamba." Pamba alikuwa paka wake mweupe, ambaye ukimpakata mara moja, kumwachia ni kazi.

Akatoka Mwanatumu, mkunga. Akapita nyumba zenye msiba akiuliza: "Marehemu, mama yake nani?" Kila nyumba ikamtaja wake. "Na baba yake?" Kila nyumba ikajibu: "Sharubu."

"Basi si sumu wala si uchawi," akasema Mwanatumu. "Sumu haimuulizi mtu baba yake nani. Haya ni maradhi ya moyo, ya kurithi."

"Mbona ndugu zao wengine wazima?" akadakia muuza tende.

"Wewe na kaka yako, nani kachukua pua ya baba yenu?"

Watu wakaangua kicheko, maana pua ile ilijulikana mpaka miji ya jirani.

"Na maradhi ndivyo yalivyo," akasema. "Huyu kapata, huyu kakosa."

Lakini nani kapata? Akatoka Kibibi, mpiga ngoma, mwenye sikio lisilokosea. Akawa anaweka sikio kifuani mwa kila paka. Moyo mzima ulisema du-du, du-du. Moyo mgonjwa ulisema du-du-du, du-du-du, kama punda aliyekata kamba. Waliokuwa wadogo mno akawarudia walipokua, kwani maradhi yale hujificha utotoni. Paka wakamparura hata aliporudi nyumbani mumewe akamuuliza, "Shikamoo mama, unamtafuta nani?"

Mwisho akamsikiliza Sharubu. Du-du-du.

Mwinyikai akamkumbatia paka wake. Mara ngoma ikasikika: mabibi harusi kutoka mji wa pili! Mwinyikai akasimama mlangoni.

"Rudini, wakwe zangu. Harusi hakuna tena."

Akamwita mtu wa kuhasi, akamshika Sharubu kwa mikono yake mwenyewe huku akilia. Wenye paka wenye moyo wa punda wakaona aibu, wakafanya vivyo hivyo. Sharubu akabaki kulala juu ya kofia na kula dagaa mpaka moyo wake ulipochoka. Lakini vitoto vilivyozaliwa baadaye viliruka, vikatua, vikaruka tena, na majirani wakarudi barazani kwao kunywa kahawa.

Wote watatu wakaenda kwa Liwali.

Mwanatumu akasema: "Bila mimi mngekuwa bado mkishtakiana sumu. Pamba wangu."

Kibibi akasema: "Bila mimi mngehasi wazima na kuacha wagonjwa. Tazama uso huu! Pamba wangu."

Mwinyikai akasema: "Wao walijua, mimi nilitenda. Wao walitoa maneno na sikio, mimi nilitoa fahari ya nyumba yangu. Pamba wangu."

Liwali akawatazama, kisha akamtazama Pamba, aliyekuwa amelala ndani ya kilemba chake akikoroma. Akakuna kichwa kitupu.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniambie wagawane, paka si muwa. Je, nani alistahili kumpata Pamba?