Nani Akabidhiwe Ngoma ya Hatibu?

Sikilizeni kwanza, kisha mhukumu. Atakayeamua kabla sijamaliza, hukumu yake naitengua.

Katika kitongoji kimoja cha Pangani waliishi watu watatu. Mwajabu, mcheza ngoma, alikuwa na jicho lisilopitwa na mwendo wa mkono wala mguu. Shekiondo alikuwa na sikio: kwa miaka mingi alipiga ngoma ndogo akimfuata Hatibu, mpigaji mkuu wa kikundi chao. Nyange, mwenye studio, aliijua mashine ya kupangia midundo, ambayo hutoa mlio uliorekodiwa kwa kasi yoyote inayoamriwa.

Hatibu alifariki. Mjane wake, Bi Mwantumu, alibaki na filamu moja tu ya mumewe akipiga, nayo sauti yake ilikuwa imeharibika kabisa. Akawaita wote watatu.

"Nataka mikono yake ikigonga, niisikie," alisema. "Atakayenirudishia sauti hiyo, ngoma ya Hatibu ni yake."

Kila mmoja aliitaka ngoma hiyo, wala hakuna aliyeficha.

Shekiondo alipiga, Nyange akarekodi. Kisha Nyange akahesabu picha zilizopita kati ya pigo na pigo mwanzoni mwa filamu, akaipa mashine kasi moja. Filamu ikawashwa. Mkono na mlio vilianza pamoja, lakini punde mlio ukabaki nyuma.

"Mashine yako imesinzia, Nyange," alisema Mwajabu.

"Mashine hailali, dada. Labda marehemu ndiye aliyekuwa na haraka."

"Marehemu usimsingizie! Tazama, mlio unazidi kuchelewa kidogo kidogo, haurukiruki. Kosa la mpigaji haliwi hivyo."

Nyange akakagua. Filamu ni picha tuli zinazopita mfululizo. Hii ilipitisha picha ishirini na tano kwa sekunde, naye aliiambia mashine ishirini na nne. Akarekebisha. Ieleweke kwamba kosa hilo lilikuwa lake.

Wakawasha tena. Mwanzo ukalingana barabara, lakini wachezaji waliomo kwenye filamu walipochangamka, mikono ya Hatibu ikauacha mlio mbali.

"Hatibu hakuwa na mwendo mmoja," alisema Shekiondo. "Mchezaji akikaza kanga kiunoni, Hatibu huongeza kasi. Akikaza tena, huongeza tena."

"Na muda wote umenyamaza, kaka?" Mwajabu aliuliza.

"Mlinipa ngoma nipige. Nani aliniuliza kitu?"

Nyange akajifuta jasho. "Kubadili kasi kila mahali ni kazi ya kuanza upya. Bi Mwantumu, hii haitoshi?"

"Haitoshi. Huyo ninayemsikia si mume wangu."

Basi wakaanza upya. Mwajabu alionyesha kila mahali kanga ilipokazwa, hata pale kiwiko tu cha mchezaji kilipoonekana pembeni mwa picha. Shekiondo alipiga makofi kwa kasi ambayo Hatibu angeishika hapo. Nyange aliiingiza kasi hiyo kwenye picha ile ile, si kabla wala baada. Walibishana, wakafuta, wakarudia. Hakuna aliyeondoka.

Mwishowe mkono wa Hatibu ukashuka na mlio ukatoka papo hapo, mpaka pigo la mwisho. Bi Mwantumu akajifunika uso kwa mtandio. Alipojifunua, aliiweka ngoma katikati yao.

"Semeni."

"Bila mimi kosa lisingejulikana, wala mahali pa kubadili," alisema Mwajabu.

"Mlio ni wa mikono yangu, na kasi ni kumbukumbu yangu," alisema Shekiondo.

"Kumbukumbu uliyoikalia!" Nyange alimkatiza. "Bila mashine kutii, yenu yangebaki maneno."

"Nawe ulitibu jeraha ulilolitia mwenyewe," Mwajabu alimjibu.

"Ngoma haizungushwi nyumba tatu," alisema Bi Mwantumu. "Inakaa na mmoja."

Nimeyapima madai yote. Mwenye jicho aliona kosa la kwanza na kila mahali pa kubadili, lakini hakurekebisha kitu. Mwenye sikio alijua siri ya kasi, akanyamaza mpaka kazi ilipoharibika. Mwenye mashine alirekebisha yote, na kosa la kwanza lilitoka kwake. Mtoe mmoja wao, Hatibu anabaki bubu.

Bi Mwantumu ameishika kamba ya ngoma, anasubiri. Je, wewe ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewaambia nini?