Mkeka wa Mwanakombo

Sogeeni, wanangu. Mwanakombo alinuia kusuka mkeka, autoe sadaka msikitini kwa ajili ya marehemu mama yake.

Mke mwenzake, Mize, akaingiwa na wivu. “Sifa zote ziwe zake?” akaenda kuliambia zimwi la mwituni, nalo likampa kucha za kufumulia.

Mwanakombo akasuka, Mize akafumua. Akasuka tena, akafumua tena.

“Bibi wee, hukomi?” Mize akamcheka.

“Sikomi, mwenzangu. Mama hakuchoka kunilea.”

Mara ya tatu vidole vya Mwanakombo vilikuwa vimezoea, vikasuka upesi kuliko kucha zilivyofumua. Mkeka ukafika msikitini, mama akaombewa.

“Nami nitasuka!” akasema Mize. Lakini zile kucha hazikumtoka tena vidoleni; kila alichoshika kilifumuka, hata kanga aliyojifunga.

Hadithi yangu naitua hapa. Mola awarehemu mama zetu.